Muhuri Juu ya Muhuri

Jumatatu
Baba Zuhura ametuma orodha kutoka Muscat. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasi zetu mbili. Vyeti vihakikiwe kwanza na msajili, vikitoka hapo viende Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Oman. Vikifika kule vitatafsiriwa kwa Kiarabu ndipo aombe ukaazi wetu. Utaratibu ndio huo, haurukwi. Nimetia kila kitu kwenye bahasha ya kaki.

Jumanne
Cheti cha Zuhura kimekataliwa dirishani. Mama yangu alikipiga laminesheni mtoto akiwa bado ananyonya, maana nyumba yetu ya Tandika ilikuwa ikivuja, na cheti cha kaka yangu kilishaozea sandukuni. Afisa alikigeuza huku na huku.

"Mama, wino haushiki kwenye plastiki."

Alinionyesha. Aligusisha muhuri pembeni, akapitisha kidole, wino wote ukabaki kidoleni. Natakiwa kuomba nakala mpya. Jioni nilimweleza mama akanyamaza, chakula hakukigusa. Nimemwambia kwamba bila yeye tusingekuwa hata na namba ya cheti ya kuombea nakala hiyo, na ndivyo ilivyo.

Jumatano
Maombi ya nakala hufanywa mtandaoni. Kijana wa stesheneri alikuwa amefika kwenye jina la bibi mzaa baba umeme ulipokatika. Uliporudi, fomu ilikuwa tupu. Tukaanza upya. Kontroli namba ilitoka alasiri, na wakala wa pesa alikuwa amefunga kwenda kuswali. Nimelipa baada ya magharibi.

Alhamisi
Leo mambo yamekuwa mazito. Kwenye cheti cha ndoa, jina la mume wangu linaishia kwa Omari. Kwenye pasi yake na kadi yake ya ukaazi ni Omary. Cheti cha Zuhura kinasema Omari. Huku kwetu karani huandika jina alivyolisikia au alivyozoea, na mwenye jina hupokea karatasi yake kwa shukrani, maana ameihangaikia. Mtaani hakuna anayeona tofauti. Lakini mtu wa mbali asiyetujua hana kingine cha kutazama ila herufi, na mbele yake hao ni wanaume wawili: mmoja kanioa mimi, mwingine ndiye anayeniita Oman.

Wakili amesema dawa yake ni hati ya kiapo, na anayeapa ni mwenye jina mwenyewe. Mwenye jina yuko Muscat. Ubalozi wetu upo hukohuko, kwa hiyo nilidhani limekwisha. Baba Zuhura akapiga simu usiku: siku yake ya mapumziko ni Ijumaa, na Ijumaa ofisi za kule zinafungwa. Itabidi aombe ruhusa kazini.

Ijumaa
Pasi yangu imeisha muda. Pasi ya kielektroniki tuliyoanza kuitumia mwaka 2018 huchukua alama za vidole, na vidole vyangu havikusomeka. Mimi hupika chapati na maandazi Temeke tangu kabla sijaolewa. Chapati hugeuzwa kwa ncha za vidole, na chuma cha moto kimelainisha mistari. Dada wa pale alinifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akanipaka mafuta, akajaribu tena. Kidole gumba cha kushoto peke yake ndicho kilichokubali. Alikuwa mpole sana.

"Dada yangu, kaa mbali na jiko siku kadhaa, ngozi itarudi."

Ada ya pasi ni shilingi 150,000, na fedha hiyo hutoka kwenye jiko hilohilo.

Jumamosi
Wifi amesimamia kibanda. Unga umeisha mapema. Mvua.

Jumatatu
Nakala ya cheti imetoka, imehakikiwa, nami nimefika foleni ya muhuri unaofuata. Kwenye benchi nilimwamkia mzee mmoja, shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza safari. Alikuwa karani wa serikali hadi kustaafu kwake, na alinieleza jambo ambalo hakuna dirisha lililowahi kunieleza. Muhuri wa wizara hausemi kwamba Zuhura ni mwanangu. Unasema tu kwamba sahihi ya msajili ni ya msajili kweli. Muhuri wa ubalozi nao unathibitisha sahihi ya wizara. Kila ofisi inamshuhudia aliyeitangulia, na kila ushahidi una ada yake, nauli yake na siku yake ya kazi iliyopotea.

Zipo nchi zilizokwisha kuukata mnyororo huo. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 unaweka cheti kimoja, apostili, kinachotolewa na nchi yenye karatasi na kupokewa na nchi nyingine wanachama bila kupitia ubalozi, isipokuwa pale nchi moja inapoweka pingamizi dhidi ya nyingine. Nacho kinathibitisha sahihi, cheo cha aliyesaini na muhuri tu, ila ni mara moja. Oman imo tangu 2012. Burundi ilianza kuutumia 2015, Rwanda 2024. Mama wa Kigali mwenye mume Muscat anahitaji muhuri mmoja pale ninapohitaji mlolongo. Kwa Tanzania karatasi bado inatembea mlango kwa mlango, na anayetembea nayo ni raia.

Serikali yetu ijiunge. Wanaobeba bahasha hizi ni wake, wauguzi, madereva na watoto wa shule, na fedha wanayoimalizia kwenye foleni walikuwa wameiweka ya safari. Wakati tunasubiri, kila ofisi ibandike mlangoni, kwa Kiswahili, karatasi inayosema dirisha lipi linatangulia lipi.

Nawe mwenye mtoto, toa cheti chake leo. Linganisha herufi za majina na zile za kitambulisho cha NIDA na pasi, mstari kwa mstari, jina la baba na la mama pia. Ukikuta tofauti, irekebishe sasa ambapo wote mko mji mmoja. Kisha kirudishe kwenye bahasha kavu, na usikipige laminesheni.