Mkulima wa Maji ya Kijani

Heko kwa wafuga matumbawe wa Marekani na Uingereza. Jumamosi asubuhi mtu anakwangua mwani kwenye kioo cha tangi huku akiulaani. Mchana anaingia jikoni kuulima, uwe chakula cha viumbe wa tangi lilelile. Lakini huu wa jikoni si mwani wa kihuni. Una jina: Nannochloropsis, chembe za mikroni mbili tatu, ambazo hata azikodolee macho vipi haoni ila maji ya kijani.

Kilimo chenyewe hakina uchawi: chupa ya maji ya chumvi, mbegu kidogo, taa, mrija wa hewa unaobwabwaja usiku kucha, na mbolea ya F/2, iliyotokana na fomula ya Guillard na Ryther ya 1962. Baada ya wiki moja hivi maji yamekolea, yanavunwa, yanawekwa kwenye friji kando ya maziwa ya watoto. (Asipoandika jina kwenye chupa, shauri yake.)

Sasa sikia utamu. Mbolea hiyo imejaa naitreti na fosfeti, vitu vilevile alivyonunulia vichujio ili avitoe tangini. Mavuno nayo yakishamiminwa tangini, mashine ya povu inayosafisha maji inayanyonya na kuyatema kikombeni. Na matumbawe yake mengi? Yanalishwa zaidi na mwani mwingine unaoishi ndani ya miili yao, kwa mwanga wa taa ambayo tayari anailipia umeme. Wanaofaidi hasa ni chaza na vidudu vya kopepodi.

Basi ndugu mkulima, kabla ya kumimina, walau zima hiyo mashine ya povu.