Mwacheni Mbishi Abishe

Hufika kijiweni kabla kahawa haijakolea, redio ndogo kwapani, na salamu zake ni fupi. "Shikamooni wazee. Mmemsikia yule mchambuzi jana usiku? Yule Yanga yule, anajifanya hana timu." Hapo basi. Aliyekuja na taarifa ya msiba atasubiri apate upenyo, anayetaka kujua mnada wa ufuta umefunga kwa bei gani atauliza mara tatu, na kijana wa bodaboda anayeitwa na abiria ng'ambo ya barabara atajibu "nakuja" bila kunyanyuka kwenye benchi. Hapa Kiranjeranje, kama ilivyo katika vituo vingine kati ya Nangurukuru na Mbwemkuru, mbishi wa mpira ni kero inayojulikana. Hukata watu kauli. Hoja moja huirudia mpaka kikombe cha tatu. Kwa maelezo yake, penalti halali dhidi ya timu yake haijawahi kupigwa. Nimekuja kumsifu, na sifa hizi nazimaanisha zote.

Namsifu kwanza kwa masikio yake. Sidhani kama kuna mhariri Dar es Salaam anayesikiliza vipindi vya michezo kwa makini kama yeye. Juni 25, 2025, ile dabi iliyoahirishwa Machi ilipochezwa hatimaye na Yanga ikashinda 2-0, sisi wengine tulisikia matokeo. Yeye alisikia kauli: nani alisema Yanga imeshinda na nani alisema Simba imepoteza, nani alianza na mabao na nani alianza na mwamuzi. Kwake hizo ni taarifa mbili tofauti, na ukitulia utaona ana haki. Mtangazaji anayeanza na mwamuzi ameshamwambia msikilizaji aelekee wapi kabla hajamwambia nani amefunga.

Ana mizani pia, na haachi kupima. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-1 na USM Alger hapa nyumbani, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, kombe likaondoka kwa sheria ya bao la ugenini. Miaka miwili baadaye Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, kisha ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar, Uwanja wa Amaan. Mbishi ameziweka fainali hizo bega kwa bega. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: aliyeita moja historia, kwa nini nyingine aliita kushindwa? Ukiwa mtu wa Yanga utauliza hivyo ukitokea huku, ukiwa wa Simba utauliza ukitokea kule, lakini swali ni lilelile na ni swali la haki. Wazee nao hawakosi kuchomeka la kwao la 1993, Simba ilipotoka suluhu Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF, kisha Stella ikaja Dar es Salaam ikashinda 2-0, Rais Mwinyi akiwa jukwaani. Kila kizazi kina fainali yake iliyoponyoka, na wote wanataka ipimwe kwa kipimo kimoja.

Wapo wanaosema ubishi huu ni wa vijana wasio na kazi. Hawajui umetoka wapi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kuja kusini kulikuwa ni kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikishika barabara inakatika. Gazeti lilifika likiwa limezeeka, kama lilifika. Kilichofika kwa wakati wake ni Radio Tanzania. Ahmed Jongo akitangaza mpira, watu wanaizunguka redio moja ambayo betri zake zimeanikwa juani tangu asubuhi. Mawimbi yakikorogeka, sauti ikizama dakika tatu na kuibuka watu wakishangilia, lazima mmoja pale aseme kilichotokea katikati. Mwingine atasema hapana, haikuwa hivyo. Ubishi ulizaliwa kwenye hizo dakika tatu. Ulikuwa kazi ya kukamilisha habari iliyofika nusu, na aliyeifanya vizuri aliheshimika. Leo barabara ni ya lami, mechi zinaonekana kwenye kibanda umiza, lakini habari bado hufika nusu kwa namna nyingine: tetesi za usajili zisizo na mwenyewe, "chanzo cha uhakika" kisichotajwa, mchezaji aliyeshasaini mara mbili kabla hajapanda ndege. Mbishi anaendelea na kazi yake ya zamani.

Na kazi hiyo inashika kasi katika miezi ambayo watu wanaisubiri zaidi. Dirisha la usajili hufunguliwa wakati ufuta uko mnadani. Mkulima ameshapeleka magunia yake ghalani kupitia chama cha msingi, bei imetangazwa, malipo hayajaingia. Amekaa kijiweni akisubiri ujumbe kwenye simu. Mtu wa namna hiyo anajua vizuri tofauti ya kuahidiwa na kulipwa. Ndiyo maana redio ikisema mshambuliaji fulani "amekubaliana kila kitu" na klabu, mbishi anauliza: ameonekana? Amevaa jezi? Nani kamwona? Maswali haya alitakiwa ayaulize mwandishi kabla hajafungua mdomo.

Nafika sasa kwenye swali lake kubwa, ambalo waandishi wengi hulichukia: wewe timu gani? Wenyewe husema kazi ni kazi, ushabiki niliuacha nyumbani. Mbishi hakubali, na mimi niko naye. Anajua timu inavyomwingia mtu. Huku kwetu mara nyingi huja na mjomba, kwa sababu mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake. Baba anaweza kuwa Simba kindakindaki, mjomba akaja likizo na fulana ya kijani na njano, akambeba mtoto mabegani kwenda kusikiliza mechi, na mambo yakaishia hapo. Mtoto wa miaka sita hakuchagua kwa kulinganisha safu za ulinzi. Alimpenda mtu, akachukua na timu ya mtu huyo. Kitu kilichoingia kwa njia hiyo hakitoki kwa kupewa kipaza sauti.

Ushahidi anao. Ahmed Ally alikuwa mwandishi Azam kabla ya kwenda kuisemea Simba. Ally Kamwe alikuwa mchambuzi kabla Yanga haijamchukua mwaka 2022. Haji Manara aliisemea Simba kwa miaka kadhaa, kisha Agosti 2021 akahamia Yanga, klabu ambayo baba yake, Sunday Manara, aliichezea kwa sifa kabla ya kwenda Uholanzi. Hakuna kosa katika safari hizo. Mtu hutafuta riziki, na pengine hurudi kwao. Lakini baada ya kuona milango ya studio na ya klabu ikipakana kiasi hicho, nani atamwambia mbishi kwamba swali lake ni la kijinga? Angependa mchambuzi aseme mapema: nimekulia Simba, sasa nisikilizeni na mnipime. Akisema hivyo, hata shabiki wa Yanga atamsikiliza mpaka mwisho. Anayejificha ndiye anayesikilizwa kwa kuviziwa, kila neno likipekuliwa kama lina rangi.

Kumbukumbu yake nayo naihitaji. Yanga 5-0 mwaka 1968, Simba 6-0 mwaka 1977 na Abdallah Kibadeni akiwa na matatu, Simba 5-0 Mei 2012, Yanga 5-1 Novemba 2023: hayo anayo kichwani na hayamkai kimya. Oktoba 20, 2013 Yanga ilikuwa mbele 3-0 mapumziko. Mtu wa Simba aliyeondoka kwenye kibanda kwa hasira muda ule, akaja kuambiwa njiani kwamba mechi imeisha 3-3, atakumbushwa mpaka leo. Huo ni utani, na kusini tunaujua utani vizuri. Mtani huruhusiwa kusema msibani maneno ambayo ndugu hawezi kuyasema, na siku ya shida yuko mbele. Anayekuita kolo au utopolo asubuhi ndiye utakayemkuta ameshika jembe makaburini jioni.

Lakini sifa ambayo ningependa ifike Dar es Salaam ni hii ya mwisho. Mkoa wetu huu wa Lindi una timu ya Ligi Kuu. Namungo ya Ruangwa ilipanda msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Agosti 2020 na kufungwa na Simba 2-1 pale Sumbawanga, na msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Timu ya Lindi ilikuwa inacheza na Raja. Mbishi anauliza kwa nini kipindi cha saa mbili huipa Namungo dakika chache mwishoni, mtangazaji akiwa ameshaanza kuaga, wakati mazoezi ya Kariakoo hupewa nusu saa. Waandishi hawaji Ruangwa wala Uwanja wa Ilulu mpaka Simba au Yanga ije, na wakija wanaandika habari ya mgeni.

Asubuhi moja, alipokuwa anayasema hayo kwa sauti iliyofika mpaka stendi, kijana mmoja akamuuliza: "Mjomba, Namungo wakicheza na Yanga, wewe unakaa upande gani?" Akajibu papo hapo: Yanga, kwa kuwa timu aliyopewa utotoni haiachwi kwa sababu ya mkoa. Kijana akasema basi usiwalaumu waandishi, wanakuuzia unachonunua. Kijiwe kizima kikalipuka, na mwenye birika akaongeza mkaa.

Hoja ya kijana ni nzito, ila naona haitoshi. Mtu anaweza kuwa wa Yanga na bado akawa na haki ya kujua kilichotokea kwenye uwanja wa mkoa wake. Wenye vipindi wakitaka kuanza kulipa deni hilo, wamtume mwandishi mmoja akae Ruangwa msimu mzima, aripoti mazoezi, majeruhi na mapato ya getini. Huku Kiranjeranje atasikilizwa neno kwa neno, na akikosea jina la beki wa akiba atapigiwa simu kipindi kikiwa hewani.