Frasila Mbili za Besi

Kila mtu hapa Tabora ana shemeji anayejua mambo ya spika. Nasema hivi kwa sababu nilitamka kijiweni Isevya, tena kwa sauti ya chini, kwamba natafuta ampu ya gitaa la besi ya kufanyia mazoezi nyumbani. Nyumbani, nikasisitiza. Chumbani. Kahawa haijapoa, nimeshashauriwa ninunue spika mbili za inchi 18, zile za kumbi za harusi, pamoja na jenereta ya kuziendesha, na kama nina akili timamu, kiwanja nje ya mji cha kwenda kuzipigia.

Hakuna aliyeuliza chumba chenyewe kikoje. Ningemwambia: hatua nne kwa nne za mtu mfupi, dari hakuna, juu bati, na ukuta wa kulia tunachangia na bibi mmoja anayelala mara tu baada ya swala ya isha. Mwenye nyumba anakaa uani. Hao ndio wasikilizaji wangu, na hakuna hata mmoja aliyekata tiketi.

Mtu wa gitaa la solo ana raha zake. Sauti yake nyembamba inagonga ukuta, inarudi, anaisikia mwenyewe, jirani anaambulia makombo. Besi haina adabu hiyo. Uzi mnene kabisa, ukiuachia wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: wimbi moja tu lina urefu wa mita 8 na ushee, na chumba changu hakifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo mimi niliyekaa katikati, mwenye gitaa, mlipa umeme, naipata noti imefifia, huku kuta zikinguruma na vikombe vya bibi vikigongana kabatini upande wa pili. Kuna wakati niliazima spika kubwa ili nijaribu. Asubuhi yake tukakutana bombani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lile lori la jana usiku lilikuwa linashusha nini?"

Nikamjibu saruji. Ningefanyaje?

Mashemeji wao wanachojua ni wati. Nani anawalaumu, wakati maduka ya mjini yamejaa sabufa zilizoandikwa PMPO wati 10,000 kwa herufi za dhahabu, na kijana wa duka anaishusha rafuni kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unachati? Hebu tufanye hesabu ya darasa la saba. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha kwa volti 230, hupati hata wati 3,000. Hizo elfu saba zilizobaki zinatoka wapi, kwa majini? Pasi ya umeme yenye wati elfu na kitu ina waya mnene unaopata moto ukiushika. Sabufa ya elfu kumi ina waya mwembamba kama kamba ya kiatu cha shule.

Hata wati za kweli ni hadithi ndefu. Ili sikio lione kwamba sauti imekua mara mbili, wati huzidishwa mara kumi hivi. Maana yake aliyenunua ampu ya wati 200 akamcheka mwenye 20, amebeba mzigo mkubwa, ametoa fedha nyingi, na sauti yake imemzidi mwenzake mara mbili tu. Na sikio la binadamu ni bahili zaidi kwa sauti za chini kuliko za kati, ndiyo maana jukwaani mtu wa solo anatosheka na wati 30 wakati mpiga besi nyuma yake anadai mamia. Sawa, hiyo ni jukwaani. Mimi jukwaa langu lina kitanda na pipa la maji.

Aliyenifungua macho ni redio. Wazee wa mji huu walipenda dansi la kwao, Tabora Jazz waliokuwa na Shem Karenga, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids wa Salum Zahoro, na wengi wao nyimbo hizo walizipata kwenye redio ndogo za betri. Spika ya redio ile haikuzidi kiganja. Haiwezi, hata uiapishe, kutoa mtetemo wa mara 41. Lakini mkamate mzee yeyote wa Ng'ambo, mwambie akuimbie besi ya wimbo aupendao, atakuimbia mwanzo mpaka mwisho na kichwa kikitikisika. Aliisikia wapi? Noti ya besi haitembei peke yake; inakuja na ndugu zake wa juu, wa mara 82, wa mara 123, na kuendelea. Sikio likiwasikia hao ndugu, linamjazia mkubwa wao hata kama hayupo.

Nilipolielewa hilo niliacha kwenda kijiweni kwa muda. Spika ndogo, inchi 8 hivi, haina ubavu wa kuisukuma hewa ya mara 41, ila ndugu wa noti inawatoa vizuri, na mimi nasikia ninachopiga. Kile kinachotikisa vikombe vya bibi hakitoki kwa wingi. Udhaifu wa ile spika ndio amani ya uani kwetu. Nenda kamweleze hivyo shemeji wa mtu, uone utakavyotazamwa.

Halafu wapo wanaosema, "Kwani ya gitaa la solo haifai? Si nyuzi zote ni nyuzi?" Kwa sauti ya chini sana inavumilia. Ukiongeza, karatasi ya spika yake, ambayo haikutengenezwa kwenda mbele na kurudi kwa kiasi kinachotakiwa na besi, inapasuka, kama ilivyonipata mimi, na mwenye ampu alikuwa ni kwaya. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wao wa solo hawajawahi kuwa na haya kuchukua vyetu. Leo Fender alitoa gitaa lake la besi la umeme mwaka 1951, na mwaka uliofuata akatoa ampu ya kulihudumia, akaipa jina Bassman, jina ambalo hata kipofu angejua ni la nani. Watu wa solo wakaikalia. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall kule London likainakili, na humo ndimo zilimozaliwa zile Marshall za kelele za roki. Sisi wenye mali tukabaki kutafuta nyingine. Mpaka leo bendi ikisifiwa, anatajwa mwimbaji, anatajwa wa solo, anatajwa hata aliyewakodisha mashati.

Kuna suala la uzito pia. Zile ampu za zamani za inchi 15 ambazo mafundi wazee wanazitolea machozi zina kilo 30 na kitu. Mtu wa Tabora lazima ashtuke hapo, maana hizo ni frasila mbili, mzigo kamili wa mpagazi, ule ule waliobebeshwa mababu zetu kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe na wengine wakaendelea nao mpaka Ujiji, miezi kwa miezi, mbele kirangozi na ngoma yake. Mpiga ngoma wa msafara, nadhani, alikuwa na bahati ambayo hajasifiwa vya kutosha: kila siku alilala karibu na jirani mpya. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikawapumzisha wapagazi. Mimi nizaliwe zama za basi la usiku, halafu nibebe frasila mbili kutoka stendi mpaka Isevya ili nikapige chumbani?

Kariakoo nilipiga simu. Muuzaji akanitambua kwa lafudhi, kumbe ni Mzaramo, mtani wangu.

"Mnyamwezi, mzigo si ndiyo kazi yenu? Njoo uubebe mwenyewe, nauli ya basi ya nini?"

"Mababu zangu walibeba pembe za ndovu, Mzaramo. Zilikuwa na thamani. Wewe unaniuzia sanduku la mtumba."

Kuhusu mtumba naomba niwe makini kidogo. Vyombo vya Marekani vingi vimetengenezwa kwa volti 120, vya Japani kwa 100. Vikichomekwa kwenye 230 ya kwetu bila transfoma, vinapiga noti moja tu, nayo ni ya moshi. Kuna ampu zenye swichi ya volti nyuma, kuna zisizo nayo. Mwambie muuzaji akupigie picha ya mgongo wa chombo, siyo ya uso. Mtani wangu alinitumia picha ya uso, safi, imefutwa vumbi. Nilipoomba ya mgongo, mtandao ukamsumbua mpaka Ijumaa.

Niliyoichukua hatimaye ni mpya, spika inchi 8, wati ishirini na kitu, haifiki hata frasila moja. Ina tundu la hedifoni, na ukichomeka hedifoni spika inanyamaza. Ina tundu la kuunganishia simu, na hilo ndilo nililolipia hasa, kwa sababu mazoezi ya besi peke yake ni adhabu. Besi inataka watu wa kuwashikia nyumba. Naweka Nyanyembe Jazz kwenye simu, naingia kati yao kimyakimya, na wao kwa hisani yao hawanifukuzi.

Mama watoto, ambaye fedha zote anazihesabu kwa magunia ya mpunga, alisimama mlangoni akanitazama muda mrefu. Mwenye hedifoni anasikia bendi nzima. Aliye mlangoni anasikia tik, tik, tik.

"Baba nanii, magunia yale yote, ndiyo unakuna waya gizani?"

Sikumjibu, maana nilikuwa kwenye kiitikio.

Ila lipo jambo ambalo mashemeji wote, pamoja na Mzaramo, walilificha: waya wa kutoka kwenye gitaa kwenda kwenye ampu hauji na ampu. Unauzwa peke yake, na dukani hapa mjini haukuwepo. Fundi redio akaniambia hilo dogo, akachukua waya wa spika, ule wa nyuzi mbili usio na kinga ya nje, akauchomelea jeki huku na huku, akanidai elfu mbili. Waya usio na kinga, ndugu msomaji, unadaka kila kinachopita hewani. Nikiishusha ampu unavuma. Nikiipandisha, nyuma ya mvumo anatokea mtangazaji, mwanzoni mbali, halafu waziwazi kabisa, na juzi ilikuwa Simba na Yanga, kipindi cha pili. Nikaliacha gitaa mapajani nikitafuta namna ya kumnyamazisha. Ukuta ukagongwa.

"Mjukuu wangu, ongeza sauti kidogo. Nani kafunga?"