Wiki ya Fenesi na Bizari

Jumatatu. Mama mwenye nyumba kaleta nusu fenesi. Shemeji kalipasua bila kupaka kisu mafuta. Utomvu umeshika kisu, sinia, vidole, na ndevu za mpangaji wa uani aliyekuja kusalimia tu. Wamesugua kwa sabuni ya mche mpaka ikabaki kama kifungo. Mama karudi na mafuta ya nazi, kawapaka, wakajifuta, basi. Utomvu una ulimbo na mpira ndani yake, na vyote viwili havijuani na maji. Nilipotoka kuoga fenesi lilikuwa limekwisha.

Jumanne. Mchuzi wa samaki umenidondokea kwenye kanzu nyeupe. Dobi kairudisha jioni: chumvi ya mchuzi imetoka yote, bizari imebaki. Ana hoja. Molekuli ya maji ina chaji hasi kidogo upande wa oksijeni na chanya kidogo upande wa haidrojeni. Chumvi ni ayoni za sodiamu na kloridi, nazo zina chaji, hivyo maji huzizingira na kuzing'oa moja moja. Rangi ya bizari, kurkumini, maji hayaipatii pa kuishika. Yenyewe huyeyuka kwenye mafuta au spiriti. Dobi aliongeza sabuni, na kwa kuwa kurkumini hugeuka nyekundu ikikutana na magadi, sasa nina doa jekundu. Kadai malipo kamili. Kuhusu chumvi, kasema, kazi imefanyika.

Jumatano. Mjomba kalalamika chai haina sukari. Sukari yote ilikuwa chini ya kikombe. Gramu 100 za maji ya kawaida humeza takriban gramu 200 za sukari, lakini chumvi gramu 36 tu. Mjomba kaichukulia kama ruhusa.

Alhamisi. Mjomba katafuna pilipili mbuzi nzima, kanywa jagi la maji, moto ukasambaa hadi kooni. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, hufuata mafuta. Maziwa ndiyo dawa, yana mafuta na protini ya kuibeba. Yalikuwa yameishia kwenye chai yake.

Ijumaa. Umeme umekatika tangu asubuhi, na wageni wamekuja baada ya swala. Sukari huyeyuka zaidi kwenye joto, gesi ni kinyume chake: soda ikipata moto, hewa yote yataka kutoka. Shemeji kafungua ya kwanza mbele ya posa ya dada yake. Ukikatikiwa umeme, wape wageni maji ya mtungi.