Bunduki Isiyopiga Teke

Mwaka 1863 Mwingereza Samuel Baker alipita Gondokoro, upande huu huu wa Nile tunaokaa sisi watu wa Nesitu, akitafuta chanzo cha mto. Alikuwa na bunduki aliyoipa jina la Baby. Mtoto mwenyewe alikuwa na uzito wa ratili 20, akitema kombora la nusu ratili, na kila alipolia alimzungusha mwenye mali kama pia. Baker ameandika waziwazi kwamba aliiogopa. Mtu hakimbii tembo, anakimbia bunduki yake!

Namtaja kwa sababu kibanda changu cha kuziba pancha, kando ya barabara ya Juba kwenda Nimule, kimejaa warithi wake. Tangu lami ikamilike mwaka 2012 malori hayakauki hapa, na dereva anayesubiri tairi hana kazi nyingine ila kutoa maoni.

Basi juzi jirani yangu, mzee wa Kibari aliyestaafu uaskari, aliletewa ujumbe wa sauti na mwanawe aliyeko Omaha, Nebraska. Simu ya mzee haijui kunong'ona, kwa hiyo tulisikia sote. Mjukuu wa kike ana miaka 12 na anataka kwenda na baba yake kuwinda kulungu. Alijaribu bunduki ya baba mara moja tu, bega likavilia damu, na sasa kila akigusa triga anafumba macho kwanza. Baba ameamua kumtengenezea binti risasi za teke dogo kwa mkono wake. Anaomba baraka za babu.

Kisha akaanza kueleza kazi yenyewe, na hapo chai ilipoa. Anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayanyoosha kwa mashine ya mezani, anatoa fataki iliyokufa na kutia mpya, anapima baruti kwenye mizani ndogo kuliko ya sonara, halafu anakandamiza kichwa cha risasi chepesi kuliko cha kawaida. Kichwa chepesi, kikienda taratibu, hakina nguvu ya kuirudisha bunduki nyuma kwa kishindo. Lakini hapunguzi kwa kukisia. Anafuata jedwali la watengenezaji wa baruti, kwa kuwa zipo baruti za kuwaka polepole ambazo ukizitia kidogo mno ndani ya ganda kubwa zinaweza kuipasua bunduki. Mzee akatikisa kichwa kuafiki. Mimi nikamkumbuka mjomba wangu kule Tabora na gobore lake. Mjomba hupima baruti kwa kiganja, na kiganja chake hupanuka kwa kadiri ya hasira. Likishalia, inabidi usubiri moshi uondoke ndipo ujue aliyeanguka ni ngiri au ni mjomba.

"Mzee, usikubali," akasema dereva mmoja wa Machakos. "Bunduki isiyopiga teke ni fimbo. Huyo mtoto atadeka."

Nikamweleza habari za Bell, Mskoti aliyewinda tembo Lado, hapo ng'ambo ya mto, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wenzake walibeba mizinga. Yeye alipenda bunduki nyepesi ya milimita 7, ambayo leo wengi wangeona inamtosha kulungu. Alijua pa kulenga, na bega halikumtisha. Aliua tembo zaidi ya 1,000. Simsifu kwa hesabu hiyo, namsifu bega tu.

"Sisi Wakamba," dereva akajibu, "babu zetu waliua tembo kwa mshale."

Nikamuuliza mshale una teke gani.

Akanuna. Kisha akataka kutuonyesha jinsi mwanamume anavyolipokea teke. Bunduki hatuna, na Nesitu hakuna anayetamani kusikia mlio wake hata kwa mzaha, tumeshiba. Akachukua mpira wa kompresa, akauweka begani, akafumba jicho moja, akabonyeza. Kifungo cha mbele kilikuwa kimelegea tangu asubuhi, na nilikuwa nimekwisha kusema kisiguswe. Kikachomoka. Upepo ukaenda mbele, mpira ukarudi nyuma, ukamchapa shavu, ukamponyoka na kuanza kucheza ngoma yake chini. Ulipofika kwa mama chai, birika lilipaa. Chai yote, na tangawizi yake, ikaishia kwenye jalabiya nyeupe ya mzee.

Niliizima kompresa. Mama chai hakupiga kelele. Alihesabu vikombe, akahesabu sukari, akahesabu mkaa, akamsomea dereva deni lake lote, pamoja na andazi ambalo nina hakika lililiwa jana.

Mzee alikamua jalabiya, akashika simu, akarekodi jibu kwa Kibari. Nilifasiriwa baadaye: mtengenezee mtoto, na uangalie mizani vizuri, hapa yuko dereva ambaye hata upepo umemshinda.

Sensa ya angani iliyotangazwa mwaka 2024 ilikadiria swala wanaohamahama Sudan Kusini kuwa karibu milioni 6, nasi bado tunamjadili kulungu wa Nebraska. Kwa hiyo ujumbe wa pili ulipoingia hakuna aliyeondoka, hata dereva, ambaye tairi lake lilikuwa tayari zamani. Binti amepiga ubao wa shabaha macho wazi, matundu yote yakakaribiana. Baba naye akajaribu zile risasi, kuzihakiki tu, alisema. Akajaribu tena. Sasa anajitengenezea boksi lake, na anamsihi mzee habari hiyo asiisikie mtu yeyote.