Muulize Mjomba Jasiri

Mjomba,
Mume wangu kang'ang'ania likizo ya Juni twende familia nzima Kilimanjaro kugusa barafu. Kitinda mimba ana miaka 7, na mama mkwe ameshanunua glavu. Mimi hata feni ikinielekea usiku nakohoa. Nifanyeje?
Mama Wawili, Tanga

Mama Wawili mpwa wangu,

Kwanza hongera kwa kuchagua mshauri. Wengine huwaandikia madaktari, wakaambulia majibu mafupi. Mimi ndiye niliyewaambia watu wa Moshi kwamba mlima wao hupendeza zaidi alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, na mpaka leo wanalitumia wazo langu bila kunilipa hata nauli.

Umetaja Juni. Kipupwe chenu cha Tanga ni mzaha. Masika yanakuwa yamepita, ni kweli, lakini Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali, na usiku kule juu maji yanaganda ndani ya mrija wa kunywea. Mimi baridi hainipati. Mke wangu anasema mdomo wangu haupati nafasi ya kupoa.

Barafu yenyewe ina historia. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona weupe kileleni akaandika habari zake. Mabingwa wa jiografia London wakambishia: theluji gani hiyo jirani na ikweta? Mmoja wao, William Desborough Cooley, alibisha miaka mingi, naye Afrika hajawahi kuitia mguu. Namheshimu sana. Kutoa ushauri bila kunyanyuka kitini ni kipaji, na tumebaki wachache. Rebmann amepewa kipande cha barafu chenye jina lake. Mimi hata jiwe!

Sasa tiba. Iingize familia nzima kwenye chumba cha barafu cha wauza samaki, kila mtu na bakuli lake la uji, mama mkwe akae katikati ya vibua. Atakayelalamika wa kwanza abaki nyumbani. Akiwa ni mumeo, tatizo lako limekwisha na uji utakuwa umebaki.

Asipolalamika, mpitie soko la Memorial pale Moshi mkachambue mitumba. Fulana za pamba acheni: zikilowa jasho hazikauki, na baridi inakuingia mpaka kwenye figo. Chukueni sufu, sweta zito, na koti la kuzuia upepo na mvua. Nilishauri mtu avae magunia mawili ya mkonge, akapendeza, ila hakuniandikia tena.

Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Ongezeni siku moja Horombo mwili uzoee hewa nyepesi. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, msipande zaidi. Hali ikizidi, shukeni, hata kama ni saa nane za usiku na mumeo amenuna. Mimi kichwa hakiniumi. Kina mambo mengi ya kufanya.

Kitinda mimba hafiki kileleni, kwani walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi. Mpeleke matembezi ya siku moja hadi Mandara, akaone mbega msituni, nawe ukohoe ukiwa karibu na lango. Mama mkwe mwache aende. Wazee wa zaidi ya miaka 80 wamewahi kufika, na mtu mwenye glavu zake harudishwi na maneno. Haraka ya mumeo nayo ina sababu: tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwisha, na iliyobaki iko huko juu kabisa, kwa hiyo wasidhani wataigusa wakishuka tu kwenye basi.

Mhariri ananionyesha saa. Wagumu watakaobeba mizigo wapeni bakshishi yao mkononi. Na mkitundika picha ya kileleni ukutani, acheni nafasi upande wa kushoto. Nitatuma yangu.