Hamsini ya Jua

Mimi ni mtu wa Bunda, na kwetu nauli ni kitu chenye mwenyewe. LATRA, mamlaka yetu ya usafiri wa nchi kavu, wanaipanga, wanaitangaza, nasi tunagombana na konda juu ya jambo linaloeleweka: kanizidishia mia mbili. Sisemi tuko peponi. Michomoko yetu, zile gari ndogo za abiria, inapakia watu mpaka kwenye buti, na ukipiga chafya anayeumia ni jirani yako. Lakini bei ya asubuhi ndiyo ya jioni, liwake jua, inyeshe mvua.

Sasa nendeni Nairobi.

Nairobi ni nje ya nchi, lakini kwa mtu wa Bunda iko karibu kuliko Dar es Salaam. Unavuka Mto Mara pale daraja la Kirumi, unapita Tarime, unagongewa muhuri mpakani Sirari, kisha Isebania, Migori, Kisii, Narok, unasinzia, unaamka, umefika. Ndiyo maana nilikwenda kwa dharau. Jiji la jirani, nikasema, litanifanya nini?

Basi likatushusha River Road mchana. Mpwa wangu anayeishi Umoja alishaniambia, "Anko, nisubiri kwenye sanamu ya Tom Mboya, pale Moi Avenue. Kila mtu anapajua." Kweli kila mtu anapajua, ila hakuna anayesimama akakuonyesha. Unamwuliza mtu, anakujibu keshakupita, jibu unalipokea kutoka kisogoni. Nilipofika nikamsalimia Mboya kwa heshima zote. Ni mwanasiasa wa Kenya na mtu wa ziwa mwenzetu, wa kisiwa cha Rusinga; alipigwa risasi mtaa huohuo mwaka 1969, sanamu yake ikazinduliwa 2011. Nikatazama huku na huku. Mtaa mzima waliosimama tulikuwa mimi na yeye.

Mpwa akapiga simu: kazini hawajamwachia, nipande tu gari za Umoja. "Ni hamsini, anko. Usikubali zaidi." Hamsini ya Kenya ni kama elfu moja yetu. Nikaona haina ubaya.

Kufika steji, makanga, yaani konda wao, alishalishika begi langu kabla hajanishika mkono. "Mzae, Umo hamsini! Mmoja wa haraka!" Nikachungulia ndani: gari limejaa, kimebaki kiti kimoja. Nikakaa. Hapo ndipo abiria wenzangu walipoanza kushuka. Akiingia abiria wa kweli mmoja, wa uongo mmoja anashuka. Kumbe ni vijana wa steji, kazi yao ni kukaa vitini ili gari lionekane limejaa. Mmoja nilikuwa nimeshaanza kumsimulia habari za bei ya pamba. Aliinuka nikiwa sijamaliza, akaenda kujaza gari la Kayole. Na alikuwa msikilizaji mzuri sana.

Muziki ulikuwa wa kusikilizwa kwa meno. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa uchukuzi, aliyabana magari haya, matatu, mwaka 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni, makanga wavae sare. Mkanda wangu niliuona, ila haukuwa na mahali pa kuchomeka. Nauli zimebaki mikononi mwa wenye magari, na mikono hiyo haitulii.

Mara likadondoka tone kwenye kioo. Moja. Makanga akatoa kichwa nje, akaitazama mbingu, akarudi ndani na kutangaza, "Umo ni mia!" Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa wangemwajiri siku hiyohiyo.

"Kijana," nikamwambia, "tumekubaliana hamsini."

"Mzae, hiyo ilikuwa ya jua."

Nikageuka nyuma kutafuta jeshi. Bunda gari lingezimwa, wazee wangeingilia kati, na angalau mtu mmoja angetaja jina la mkuu wa wilaya. Hapa kila mtu alitoa simu, akalipa kwa M-Pesa kimya kimya, akaendelea na mambo yake. Nikamwomba mama wa pembeni anisaidie kugomba. Akaniangalia kwa huruma. "Wewe ni mgeni, sindio? Shukuru Mungu. Ingefika saa kumi na mbili ungelipa mia na hamsini."

Nikalipa, huku nikihesabu kimoyomoyo: elfu mbili kasoro kidogo, nusu yake kwa tone moja. Kwetu mvua ikinyesha tunasema asante, maana ndiyo pamba, ndiyo mahindi, ndiyo mihogo. Sijawahi kusikia mtu ametozwa kwa sababu ya mawingu.

Gari likaondoka, na foleni ya Jogoo Road ikatushika. Saa kumi na moja na nusu, hatujasogea. Saa kumi na mbili kasoro, hatujasogea. Nikaanza kuogopa ile saa ya mama isije ikatukuta humohumo ndani, nikamwuliza makanga kama tutaongezewa. Akafikiri kidogo. Naona nilimpa wazo.

Kwa hiyo wewe wa Bunda, Musoma au Butiama unayefunga begi: fanya ufike Nairobi kabla ya saa tisa alasiri, nauli ya kwenda Umoja ibebe mara tatu, na ukikuta matatu imebakiza kiti kimoja, waulize kwanza waliokaa wanaenda wapi. Mwezi wa nne usiende kabisa.